Pesa huingia bila jina, hutoka kwa kitambulisho

Wachungaji na wazee wa kanisa wa Butembo na Beni wanalijua sasa lalamiko ambalo miaka kumi iliyopita halikuwepo. Kijana anakuja jioni, wakati watu wengine wamekwisha kutawanyika. Anaonyesha simu yake. Kwenye kioo kuna kiasi cha pesa, mara dola 50, mara 300, na chini yake maneno ya Kifaransa: akaunti imesimamishwa, tuma kitambulisho. Ametuma kadi yake ya mchaguzi. Wamemjibu kwamba picha haisomeki. Ametuma tena. Wamemjibu kwamba jina halilingani na lile la akaunti. Mara ya tatu hawakujibu kitu. Akaunti imefungwa kabisa na pesa zimebaki ndani.

Kijana huyo hakuja kutubu. Amekuja kuuliza kama tunamjua avoka, au mtu yeyote aliye Kinshasa.

Juu ya kamari, sisi katika makanisa yetu tumezoea kusema neno moja: iacheni. Neno hilo haturudi nyuma kulihusu. Lakini mbele ya kijana huyu halitoshi. Wengine kati yetu humjibu kwamba amevuna alichopanda, na mazungumzo yanaishia hapo. Tunaona jibu hilo linampendeza zaidi yule aliyezikalia pesa, kwa sababu kijana anarudi nyumbani na aibu yake na hakuna anayeuliza tena. Kwa hiyo leo tunataka kuangalia jambo lenyewe: akaunti hizi zinafungwaje, nani ana haki, na kwa nini sisi wa mashariki ya Congo tunaumia kuliko wengine.

Mlango wa kuingilia uko wazi

Kufungua akaunti ya pari au ya kazino kwenye simu hakuchukui hata dakika tano. Unaweka namba ya simu na neno la siri, unagusa kisanduku kinachosema kwamba umetimiza miaka 18, basi. Pesa unaziingiza kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hata franka 500. Hakuna anayekuomba kadi. Unaweza kucheza mpira, mashine za namba, au ule mchezo wa ndege inayopaa ambao vijana wanauita Aviator, usiku na mchana, na kupoteza mwezi mzima bila mtu kukuuliza jina lako.

Siku unapotaka kutoa kiasi kinachoonekana, ndipo maswali yanapoanza. Wanataka kitambulisho pande zote mbili, picha ya uso wako ukiwa umeshika kadi, mara nyingine hati ya mahali unapoishi. Mtu wa Furu au wa Mulekera ataitoa wapi hati ya mahali anapoishi? Hana bili ya umeme wala ya maji yenye jina lake.

Kuomba kitambulisho si kosa

Tuseme ukweli wote. Kumtambua mteja ni sheria, na ni sheria yenye maana. Kikosi cha kimataifa kinachopambana na pesa chafu, GAFI kwa Kifaransa, kinataka kazino zimtambue mteja anapofanya shughuli ya dola 3,000 au zaidi. Mwezi wa kumi 2022 kikosi hicho kiliiweka Congo kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ile inayoitwa orodha ya kijivu, na tarehe 27 Desemba 2022 nchi yetu ikapata sheria mpya juu ya pesa chafu na ufadhili wa ugaidi. Sisi tunaoishi na mauaji ya ADF tangu mwaka 2014 hatuwezi kusema kwamba njia za pesa zisichunguzwe.

Tena kuna akaunti zinazofungwa kwa haki. Vijana wetu wanajua. Mmoja hufungua akaunti nne kwa laini nne ili apate bonasi ya mwanzo mara nne. Mwingine ana miaka 16, anatumia laini ya mama yake. Wa tatu amenunua akaunti iliyokwisha kukubaliwa, yenye jina la mtu asiyemjua. Wa nne anavuka Kasindi na kucheza kwa laini ya Uganda ya shemeji yake, wakati sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza pari kwa mtu yeyote ambaye hajafikisha miaka 25. Akaunti kama hizo zikifungwa, hatuwezi kusimama na kusema kwamba mtu ameonewa. Alisema uongo juu ya jina au umri wake, na uongo huo umemrudia.

Lakini si wote. Kuna waliosema kweli tangu mwanzo na bado kadi yao imekataliwa. Hapo inatubidi tuangalie kadi zenyewe.

Nchi isiyo na kitambulisho

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Tangu wakati huo kizazi kizima kimekua bila kitambulisho cha taifa. Kadi ya mchaguzi ndiyo imeshika nafasi hiyo: barrierani, benki, shuleni, unaponunua laini ya simu. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alipokea kitambulisho kipya cha kwanza, na wengi tulifurahi. Mwaka uliofuata serikali ilivunja mkataba na kampuni iliyopewa kazi hiyo. Mwananchi wa kawaida akabaki na kadi yake ya mchaguzi.

Na kadi hiyo ni ya namna gani? Katika Kivu ya Kaskazini uandikishaji ulianza mwezi wa pili 2023. Kabla hata ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba mwaka huo, kadi nyingi zilikuwa zimeanza kufutika. Picha ilipauka, jina likapotea, ikabidi CENI itoe kadi za badala. Mtu anayebeba kadi mfukoni juu ya pikipiki, katika jasho na mvua, anajua tunachosema. Kampuni inapojibu kwamba picha haisomeki, mara nyingine haisemi uongo. Kweli haisomeki. Kosa si la mwenye kadi.

Masisi na Rutshuru ni vibaya zaidi. Watu wengi wa huko hawakuandikishwa kabisa kwa sababu ya vita vya M23, na baadhi yao leo ni wakimbizi katika mitaa ya Butembo na Beni. Wengine waliikimbia nyumba ikiwaka, wakaokoa watoto na kuacha karatasi.

Halafu kuna majina. Mkongomani huandikwa jina, jina la nyongeza, na jina la ubatizo. Fomu ya kampuni ya nje ina visanduku viwili tu. Mtu anaweka lipi na kuacha lipi? Akiweka Kambale na jina la ubatizo, kadi yake inaonyesha majina matatu. Mashine inasema hayalingani. Tena kwetu Wayira mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa: Paluku au Mumbere, kisha Kambale, kisha Kasereka, kisha Kakule; kwa wasichana Masika, Kavira, Kavugho na wengine. Huko Butembo ukiita Kambale sokoni, nusu ya vijana watageuka. Na Kavugho wa kadi anaweza kuwa Kavuo kwenye laini ya simu, kwa sababu muuzaji wa laini aliandika alivyosikia. Kwa mashine iliyo mbali, Kambale watatu wanaotumia simu za mtaa mmoja na njia moja ya intaneti wanafanana na mtu mmoja mwenye akaunti tatu. Sisi tunajua ni ndugu watatu wa mama mmoja.

Na laini yenyewe? Wengi wetu tulinunua laini barabarani, ikiwa imekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine. Inapokea pesa, inatuma pesa, na hatufikirii zaidi. Siku ya kutoa pesa za akaunti, jina la laini na jina la kadi hayaonani.

Mizani miwili

Hapa tunafika kwenye kiini cha ugomvi huu. Kama kampuni inaogopa kweli watoto na pesa chafu, kwa nini haiulizi kabla ya kupokea? Kijana wa miaka 16 akipoteza franka 20,000, hakuna anayemwambia: wewe ni mtoto, chukua pesa zako urudi nyumbani. Akishinda franka 200,000, mara moja wanakumbuka kwamba mtoto haruhusiwi. Mtu ambaye kadi yake haisomeki anaweza kupoteza mwaka mzima. Kadi hiyo inakuwa tatizo siku ya ushindi tu. Kwa njia hii anayepoteza hachunguzwi kamwe, na anayeshinda huchunguzwa siku zote.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inamkataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Wafanyabiashara wa Butembo wanaielewa haraka kuliko mwanatheolojia. Mji wetu ulijengwa na watu waliotuma mizigo hadi Dubai na Guangzhou kwa kuaminiana, na asiyetimiza neno lake alijulikana sokoni kabla ya jua kuzama. Mtu anayepokea kwa jiwe moja na kulipa kwa jiwe lingine tunamwita mwizi, hata kama bidhaa anayouza hatuipendi.

Jambo hili linaweza kurekebishwa, na tunao mfano. Huko Uingereza zamani kampuni za kamari za intaneti zilipewa saa 72 za kuhakikisha umri wa mteja baada ya kuanza kucheza. Tangu tarehe 7 Mei 2019 sheria ilibadilika: mteja lazima atambuliwe jina, umri na anwani kabla ya kucheza. Na kampuni hairuhusiwi kungoja siku ya kutoa pesa ndipo iombe hati ambayo ingeweza kuiomba mapema. Kampuni hazikufungwa kwa ajili ya hilo. Zilijifunza kuuliza mlangoni.

Mlalamikie nani?

Kijana wetu angeweza kwenda mbele ya sheria? Kwenye karatasi, ndiyo. Michezo ya bahati nasibu nchini inasimamiwa na serikali, na Shirika la Taifa la Bahati Nasibu, SONAL, liko Kinshasa. Lakini kati ya Butembo na Kinshasa hakuna barabara inayopitika, na bei ya ndege ni kubwa kuliko pesa zinazodaiwa. Hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa mwezi wa tano 2021, kesi za jinai katika jimbo letu zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Nani atapeleka huko mambo ya dola 80 za Aviator?

Tena kampuni nyingine hazina biro hapa hata moja. Chini kabisa ya ukurasa wao, kwa maandishi madogo, mara nyingi utasoma jina la kisiwa: Curaçao, katika bahari ya Karibi. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilitoa vibali vichache vikubwa, na wenye vibali hivyo wakawagawia wengine wengi. Mwaka 2022 mahakama ya huko ilitangaza kufilisika kwa 1XCorp, kampuni iliyohusika na 1xBet, kufuatia kesi ya shirika lililotetea wachezaji waliodai kwamba hawakulipwa. Mwezi wa kumi na mbili 2024 Curaçao ikaanza kutumia sheria mpya na kuacha utaratibu ule wa vibali vya kugawiana. Ni habari njema kidogo. Inaonyesha kwamba wachezaji wakiungana wanaweza kusikilizwa. Lakini inaonyesha pia umbali: yule anayedai alilazimika kwenda hadi kisiwani, akiwa na wanasheria.

Mtego wa pili

Wakati kijana anangoja jibu, mwingine humfikia kwa WhatsApp. Anasema anafanya kazi na kampuni, au ana rafiki ndani, na kwa dola 20 atafungua akaunti. Anaomba picha ya kadi, picha ya uso, na neno la siri. Anachukua dola 20 na kutoweka, na kadi inabaki naye.

Tunawasihi wasomaji wapime uzito wa jambo hili. Kadi ya mchaguzi ndiyo karatasi pekee ya wengi wetu. Mwenye picha yake na picha ya uso wako anaweza kuandikisha laini kwa jina lako au kufungua akaunti ya pesa. Katika eneo letu, ambamo watu hutekwa nyara na jamaa zao hupigiwa simu kudaiwa pesa, laini yenye jina lako mikononi mwa mtu usiyemjua inaweza kukuletea askari mlangoni kwa kosa ambalo hukulifanya. Nchi yetu ina Kodi ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kutumwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwapokee. Kijana aliyefungiwa akaunti akija, tumsikilize hadi mwisho kabla ya kumhubiria. Mara nyingi pesa zilizomo si zake peke yake: ni ada ya mdogo wake, ni hesabu ya mwenye pikipiki, ni pesa za kikundi cha akiba cha akina mama. Tukimfukuza kwa maneno, ataingiza pesa nyingine akitafuta kurudisha zile za kwanza. Tukimsikiliza, huenda hii ikawa siku yake ya kuacha.

Pili, tumsaidie kudai kwa utaratibu. Ahifadhi picha za ujumbe wote, tarehe, namba za kila malipo kutoka M-Pesa au Airtel Money. Aandike barua moja fupi, kwa Kifaransa kizuri, aeleze majina yake yote matatu na sababu ya tofauti. Kadi ikiwa imefutika, aende CENI kuuliza juu ya kadi ya badala kabla ya kutuma picha ya nne. Kama kampuni ina biro mjini, aende na mtu mzima wa kumshuhudia. Na kama alidanganya umri au alitumia jina la mwingine, tumwambie wazi kwamba dai lake ni dhaifu.

Tatu, asiyehusika asijihusishe. Mama anayeuza kabini ya simu asimkopeshe mtu laini yake ili aipokelee pesa za pari, hata kama ni mtoto wa dada yake. Jina lililo kwenye laini ndilo litakaloulizwa.

Nne, tuwape watoto wetu majina mbele ya sheria. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa afisa wa serikali baada ya kuzaliwa. Zikipita, inabidi kupitia mahakama. Makanisa yetu yanaandika ubatizo na kuwaweka watoto wakfu kwa uangalifu mkubwa. Siku ile ile tungeweza kuwauliza wazazi: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Na majina yaandikwe namna moja, kwenye kitabu cha kanisa, kwenye cheti, shuleni. Hili halihusu kamari tu. Litamsaidia mtoto siku ya mtihani wa serikali, ya benki, ya paspoti, ya urithi.

Tano, tuseme na serikali. Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza 2025, viongozi wa jimbo wanafanya kazi Beni. Wako karibu nasi kuliko wakati wowote. Wawakilishi wa makanisa wanaokutana nao juu ya usalama na wakimbizi wanaweza kuongeza ombi hili dogo: kampuni yoyote inayopokea pesa za vijana wa Kivu ya Kaskazini imtambue mteja kabla ya kupokea franka ya kwanza, iwe na mtu wa kujibu malalamiko ndani ya jimbo, na ikifunga akaunti irudishe pesa ambazo mteja aliziingiza. Ombi hili haliwapi kampuni baraka yetu. Kinyume chake: sheria hiyo ikifuatwa, watoto wengi wasingeingia kabisa, kwa sababu mlangoni wangeombwa kadi wasiyo nayo.

Tunarudi kwa kijana wetu. Huenda pesa zake hazitarudi. Ni afadhali ajue hilo kutoka kwetu kuliko kutoka kwa mtu wa WhatsApp. Lakini asikie pia kutoka kwetu kwamba swali lake ni swali la haki: kama walizijua pesa zangu siku ya kuziingiza, kwa nini hawanijui mimi siku ya kuzitoa? Jambo hilo linawahusu wote wanaoishi katika nchi ambayo bado haijawapa watu wake kadi isiyofutika.